Namba Iliyodhaniwa Haigawanyiki

Bwana asifiwe, wapendwa wa hapa Bukavu na ninyi mnaosoma mkiwa mbali.

Juma hili nimepambana. Mzazi mmoja alinifuata baada ya masomo, akataka nimwongezee mtoto wake pointi za hesabu, bahasha iko tayari. Nilikataa. Lakini usiku usingizi ulinikimbia, nikawa naipangia matumizi pesa ambayo hata sikuishika. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Mdomo umekataa, moyo bado unajadiliana bei! Yakobo alishasema: "Mtu wa nia mbili husita-sita katika njia zake zote."

Kesho yake nilikuwa na somo la namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Wanafunzi walishangilia ile aliyoigundua Mmarekani Luke Durant mwaka 2024: panga 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320.

Mimi nilishikwa na nyingine, ndogo. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliorodhesha namba za aina hiyo alizoamini ni tasa, na humo akaweka ile ya kupanga 2 mara 67, kuzizidisha zote na kutoa 1: 147,573,952,589,676,412,927. Ikakaa kwenye orodha ya mtumishi wa Mungu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas akathibitisha kuwa inagawanyika, ingawa hakujua inagawanywa na nini. Jibu lilipatikana kwa mwanahisabati mwingine, Frank Nelson Cole, mwaka 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Mtazameni Lucas. Kipimo chake kilijua kuna mgawanyiko kabla mtu hajaona unapita wapi. Daudi naye aliomba apimwe hivyo: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu, unijaribu, uyajue mawazo yangu." Sisi tunangoja tushikwe na ushahidi ndipo tutubu. Roho ameshakugusa, hata usingizi umekosa, nawe unamwambia, "Taja kwanza ni nini." Ndugu yangu, piga magoti kabla hakijatajwa!

Na niseme wazi, maana tunapendana. Wako kati yetu wanaouza unga sokoni Kadutu, hapa Bukavu, kwa kopo la kupimia lililobonyezwa kitako. Kwa juu unga umejaa hadi unamwagika, mama mnunuzi anashukuru. Chini ngumi ilishapita. Jumapili mkono uleule unainuliwa katika kuabudu. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Usiniambie soko zima linafanya hivyo. Usiniambie ni kwa ajili ya masomo ya watoto. Hata mimi usiku ule nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Kesho, kabla hujapanga meza, pindua kopo, linyooshe kitako kwa nyundo. Likikataa, nunua jingine. Na wale wateja wako wa kila siku, unaowajua hadi majina ya watoto wao, waongezee.