Mchele mweusi kwenye presha kuka: uanze kama ngano ya bokoboko

Wengi hapa Unguja wanaolalamika kuwa mchele mweusi haulainiki wanaupika kama mchele mweupe wa mapembe: maji yachemke, mchele uingie, maji yakikauka palia. Kwa njia hiyo utatoka na kiini kigumu. Chembe yake haijakobolewa. Imebaki na ganda lake lote la pumba, na weusi wote uko kwenye ganda hilo; ndani ni nyeupe kama mchele mwengine. Maji hulipenya ganda hilo polepole, ndiyo maana kwenye sufuria ya kawaida wali huu hula dakika 45 hadi saa nzima.

Mimi nimeacha kuufikiria kama wali pale mwanzo. Naupeleka kama ngano ya bokoboko, lile pishi la ngano na nyama: unalowekwa, unalainishwa, kisha ndipo mambo ya nazi yanaanza. Kazi ya kulainisha naiachia presha kuka. Maji ya sufuria iliyo wazi hapa pwani hayavuki nyuzi 100, lakini ndani ya presha kuka yanafika karibu 120, na tofauti hiyo inatosha kupunguza muda kwa zaidi ya nusu.

Kabla ya kupima maji, jua mchele ulionao ni wa kunata au si wa kunata, maana yote miwili inauzwa kwa jina la mchele mweusi. Ikate chembe moja kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe pe kama chokaa, ni wa kunata, mzuri kwa kitu kitamu cha nazi na sukari; hautachambuka hata ufanye nini. Ikiwa ndani inapitisha mwanga kidogo, huo ndio wa wali. Unuse pia. Pumba ina mafuta, na kwa joto letu mafuta hayo huharibika upesi. Mchele wenye harufu ya mafuta yaliyokaa hauponi kwa hiliki wala kwa mdalasini. Ukinunua mwingi, weka kwenye chupa iliyofungwa vizuri ndani ya friji.

Chagua vijiwe na chuya kwenye ungo, kisha osha mara moja tu, haraka. Rangi yake inayeyuka kwenye maji, na kila ukirudia kuosha unaimwaga. Loweka saa 3. Usiku kucha mezani siushauri, hasa wakati wa kaskazi, kwa sababu maji huanza kuchacha. Ukitaka kulaza, laza ndani ya friji. Maji ya kulowekea yamekuwa ya zambarau kwa sababu ya ile rangi, kwa hiyo yachuje uyahifadhi. Ndiyo ya kupikia.

Kwa vikombe 2 vya mchele uliolowekwa na kuchujwa naweka vikombe 2 vya maji, kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na chumvi nusu kijiko cha chai. Maji yenu yakiwa ya kisima chenye munyu, punguza chumvi. Mafuta si ya ladha. Yanazuia povu, na povu la wanga likipanda hadi kwenye tundu la mvuke linaliziba. Kwa sababu hiyo hiyo mchele na maji kwa pamoja visivuke nusu ya presha kuka, na kabla ya kufunika angalia mwanga kupitia lile tundu, kisha upitishe kidole kwenye mpira wa mfuniko: ukiwa umekauka au una ufa, mvuke utavuja pembeni, maji yataisha na chini kutaungua.

Washa moto mkubwa mpaka kizito, kile kichuma kinachokaa juu ya tundu la mvuke, kianze kupiga, kisha upunguze mpaka mvuke utoke kwa utulivu tu. Hapo ndipo saa inaanza: dakika 15 kwa mchele uliolowekwa. Usipolowekwa, dakika 24, na maji yawe kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Filimbi sizihesabu hata kidogo. Moto mkubwa hupiga filimbi nyingi kwa dakika chache, na wewe utazima ukidhani umeiva.

Muda ukiisha, zima na uiache dakika 10 mvuke ushuke wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiinua kizito au ukiimwagia presha kuka maji ya baridi, maji yaliyo ndani ya chembe yanageuka mvuke ghafla: ganda linapasuka, wanga unamwagika, na povu la zambarau linaruka juu kupitia tundu. Unapata mashendea juu na kiini katikati, kwa pishi moja.

Sasa nazi. Tui haliingii mwanzo. Likikaa chini ya presha, linakatika na kushika chini. Ukishafungua, onja chembe tatu au nne kutoka sehemu tofauti. Zikiwa laini lakini bado zinatafunika, mimina nusu kikombe cha kasimele, yaani tui zito la kwanza, geuza kwa mwiko mara moja, funika kwa mfuniko wa kawaida na upalie dakika 8 kwa moto mdogo kabisa. Kwenye seredani weka makaa machache juu. Pumba imeshafunguka, kwa hiyo inalinyonya tui vizuri, na harufu yake inakaribiana na njugu za kukaanga.

Rangi ikielekea buluu, sababu ni maji. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa. Kijiko kimoja cha chai cha ndimu kwenye maji ya kupikia kinairudisha kwenye zambarau iliyokolea. Magadi usitie kamwe ili kuharakisha: rangi inakuwa ya kijani-buluu na ladha inakuwa ya sabuni.

Kwa kikombe kimoja tu cha mchele, ambacho kinatandaa chini na kuungua, tumia bakuli la chuma. Weka vikombe 2 vya maji chini, kigoda kidogo cha chuma, kisha bakuli lenye mchele na maji yake, na uongeze dakika 5. Kwa njia hii tui jepesi linaweza kuingia tangu mwanzo, kwa kuwa bakuli haligusani na moto.

Usichanganye na mchele mweupe kwenye presha kuka. Mweupe utakuwa uji kabla mweusi haujafunguka. Pika mbali mbali, uchanganye kwenye sinia wakati wa kupakua. Kiporo kikitoka kwenye friji huwa kigumu. Kinyunyizie maji vijiko viwili, funika, kipashe kwa moto mdogo, na usiguse mwiko mpaka kimepata moto wote.