King Majuto: sekunde tatu za kimya, na karatasi ya kusaini

Amri Athumani, mchekeshaji ambaye Tanzania nzima ilimjua kama King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza akiwa na miaka 9. Kwa hiyo filamu za video zilipokuja kujaa maduka ya Kariakoo miaka ya 2000, mzee huyu alikuwa na zaidi ya miaka 40 ya sanaa mwilini. Msanii wa jukwaani anasikia watu wakicheka, anasubiri kicheko kishuke, ndipo anaachia neno jingine. Mbele ya kamera hakuna wa kumcheka, kila mtu kabana pumzi asiharibu sauti. Chipukizi wengi wanakwama hapo: wanamwaga maneno mfululizo, utani wa pili unaufukia wa kwanza. Majuto alisubiri kicheko ambacho bado hakipo.

Mwangalie akiwa mzee bahili anayeombwa hela. Hajibu. Anakodoa macho, anampima mwombaji kuanzia unyayo mpaka utosi, mdomo unacheza kama anatafuna kitu. Jibu linakuja baadaye, fupi, na lafudhi ya Tanga imo ndani yake. Kile kimya ni kama sekunde 3. Mhariri akizikata ili "kuchangamsha" filamu, kinachobaki ni mzee anayejibu watu vibaya.

Kumpiga picha mchekeshaji wa aina hii kuna utaratibu wake. Mazoezi yafanyike nusu nusu: wasomeane mtiririko, waonyeshane pa kusimama, lakini neno la mwisho asilitoe, maana mwenzake akishalisikia mara tano hashangai tena. Waweke wote wawili kwenye fremu moja, kuanzia kiunoni, kwa sababu nusu ya kichekesho iko usoni kwa anayejibiwa. Kamera ikae kwenye stendi. Mpiga picha akicheka nayo mkononi, picha inatikisika. Katika nyumba za kupanga za Sinza au Mwananyamala, zima feni na friji kwanza. Mvua ikianza kupiga bati, pumzikeni tu, sauti hiyo haisafishiki.

Tabu kubwa ni maneno ya papo kwa papo. Mara ya kwanza kashika kikombe mkono wa kulia na kasema hivi, mara ya pili kikombe kipo mezani na maneno mengine kabisa. Vipande hivyo haviungani. Dawa yake ni kamera mbili kwa wakati mmoja, na kama iko moja, pigeni yote kwa fremu pana kwanza, nyuso zifuate.

Sharo Milionea, mchekeshaji aliyeigiza naye, alimfaa Majuto kwa sababu alikuwa kinyume chake: kijana wa mbwembwe, miwani na Kiswahili cha kubana pua, mbele ya mzee asiyeona cha ajabu. Ajali ya gari ilimuua Sharo huko Muheza, Novemba 2012.

Sasa pesa. Diski ya VCD inabeba kama dakika 74 hadi 80, ndiyo maana filamu ilikatwa ikawa sehemu ya kwanza na ya pili. DVD ilipokuja na nafasi ya kutosha, mkato ukaendelea, kwani mteja ananunua mara mbili. Mwigizaji aliyechukua malipo ya mkupuo alilipwa mara moja. Filamu ikienda kwenye televisheni, kisha intaneti, yeye hayumo.

Mei 2018 Majuto alipelekwa India kwa matibabu. Mwaka huohuo suala la mikataba yake likafika kwa Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, ikaundwa kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018.

Anayeigiza vichekesho Dar leo akague mambo machache kabla ya kushika kalamu. Mkataba useme ni sehemu ngapi, kwa miaka mingapi, na utaje kila matumizi kwa jina lake: diski, televisheni, intaneti, tangazo. Maneno "matumizi yote" yafute. Vipande vifupi vya mtandaoni viwe na kifungu chao, maana kichekesho ndicho kinachokatwa dakika moja moja kirahisi kuliko filamu ya mapenzi. Usisaini lokesheni saa tano usiku huku gari la kukurudisha Mbagala linapiga honi. Omba nakala, lala nayo.

Halafu kuna jina la mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, ila kwenye kasha la filamu mtunzi ni yule aliyeandika hadithi. Ambaye maneno yake yanazaliwa mbele ya kamera, bila karatasi, hatajwi. Kama nusu ya vichekesho umevitoa kichwani, dai iandikwe kwamba ni mtunzi mwenza, na uidai kabla kamera haijawashwa.