Aliyelaaniwa si Hamu

Kabla hujabandika tena ile "laana ya Hamu", yaani dai kwamba Waafrika weusi wamelaaniwa kwa kuwa ni uzao wa Hamu mwana wa Nuhu, fungua Mwanzo 9:25 usome polepole. Anayelaaniwa ni Kanaani, mwanawe Hamu. Shuka 10:6: Hamu ana wana wanne, Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Huyo Kanaani kizazi chake ni Sidoni, Wayebusi wa Yerusalemu na wenzao, wote huko Asia.

Kushi ni wa Afrika: Nubia, kusini ya Aswan, leo Sudan. Hapa wengi huteleza, maana tafsiri ya Kigiriki ya Biblia mara nyingi iliandika Ethiopia mahali pa Kushi, basi msomaji anawaza Addis Ababa. Halafu jina Saba limo mara mbili katika orodha hiyo ya vizazi! Kwa Kushi (10:7), na kwa Yoktani wa ukoo wa Shemu (10:28). Wabantu? Hawatajwi kabisa.