Abiria

Leo Ijumaa, na bado nalitafuna neno la Jumamosi. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimesimamia nalo mtihani wa darasa la saba siku mbili nzima, nikipita kati ya madawati huku watoto wameinamisha vichwa, na masikioni mwangu kijiwe cha kahawa cha Pangani bado kinacheka.

Mnazijua Jumamosi zetu. Baba Nasra huenda gereji kubadilisha oili, mimi hunishusha Mgandini, nanunua vya wiki na kurudi kwa bajaji. Jumamosi hiyo nilikuwa na kikapu changu na maagizo ya Bibi: vitunguu kilo mbili, nazi nne, bizari ya pilau. Kichwani nilivaa helmeti niliyoazima kwa yule kijana wa bodaboda wa barabara ya 12, inanukia mafuta ya nywele za watu wengine. Tulipofika pa kukunjia kwenda sokoni hakukunja. Akasimama pembeni, mguu mmoja chini, akageuza uso nusu.

"Mama Nasra, twende Pangani?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Idi yuko madrasa, Bibi yuko na wifi yako. Nani anatungoja?"

Nikasema twende. Sijui nililitoa wapi neno hilo upesi vile, mimi ambaye hata kwenda Raskazoni kupunga upepo napanga tangu Jumatano. Nilikipakata kikapu kitupu katikati yetu, nikamshika kiunoni, na mji ukatuachia.

Nyie mlioipita njia ile zamani mkila vumbi, nendeni tena. Mkono wa kulia mkonge, mistari yake imenyooka mpaka macho yanachoka, kisha minazi, kisha mkonge tena. Mkono wa kushoto bahari inajificha nyuma ya minazi na mikoko, unaiona upenyo mmoja, inapotea, halafu inatokea yote kwa mara moja kama mtu aliyefungua dirisha. Kusi imeanza kulegea, kwa hiyo maji yalikuwa yametulia, kijani karibu na nchi, na buluu iliyokolea kule mbali. Kwenye njia ya Tongoni nilimgusa bega, nikanyoosha kidole. Mnajua napapenda pale, na mihrabu ya ule msikiti mkongwe, na makaburi yenye nguzo za mawe ambazo nyingi zimeshaanguka. Alipunguza mwendo ili nitazame, lakini hatukuingia, na sikutaka tuingie. Nilitaka tuendelee tu. Tulipopita Kigombe upepo ulileta harufu ya samaki na moshi, na nikajikuta naimba ndani ya helmeti. Sijaimba juu ya pikipiki tangu nijifungue Idi.

Basi tukafika Pangani. Alitaka kahawa. Kuna kijiwe si mbali na kivuko, wazee watano au sita kwenye benchi, muuza kahawa na dele lake juu ya makaa, sahani ya kashata imefunikwa kitambaa. Tukasalimia, wakatupisha, tukakaa. Muuza kahawa akanipa kikombe, akamtazama mume wangu, akauliza kwa adabu kabisa:

"Na huyu bibie ni nani wako?"

Baba Nasra akapuliza kahawa yake, akasema:

"Abiria huyu. Nimempakia Tanga."

Wazee wakacheka. Mmoja akadakia, "Nauli kakupa?" Naye akajibu, "Bado. Atalipa tukifika." Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka, kashata imenikwama mdomoni.

Ni hayo tu. Ukimsimulia mtu atakuambia utani wa pwani huo, umeolewa Tanga na hujazoea? Nimezoea. Shemeji zangu hunitania mchana na usiku na siwajali. Lakini hili limenikaa kama mwiba wa changu kooni. Nimelirudia kwa kila sauti. Nimelirudia kwa sauti ya mzaha, likauma. Nimelirudia kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa, likauma zaidi. Hata lile neno "huyu" nimelipima. Angeweza kusema "mke wangu". Angeweza kusema "mama watoto". Maneno mawili, pumzi ileile, bei ileile. Nimetunga na majibu ambayo ningemjibu palepale mbele ya wazee, la kwanza likiwa hili: nauli nimelipa miaka 19, chenji yangu iko wapi? Jumatatu, natandika kitanda, nikalisema kwa sauti, Idi akauliza nazungumza na nani.

Kwa kawaida nikiingia Pangani namwaza Abushiri bin Salim, maana ni pale Wajerumani walipomnyonga tarehe 15 Desemba 1889, na huwa natafuta namna ya kuwaambia wanafunzi wangu jambo hilo wasilale. Natazama milango ya nakshi iliyokula chumvi, natazama mto, nawaza kwamba maji haya yametoka Kilimanjaro na Meru yakaja kumwagika hapa. Safari hii sikuwaza hata moja. Nilisimama kwenye ukuta wa mto, maji yake ya udongo yakiingia kwenye buluu ya bahari, na nilimwaza muuza kahawa nisiyemjua hata jina, kwamba mpaka leo pengine anaamini mimi ni mteja niliyepakiwa njiani.

Na sasa nije kwenye sehemu inayonitesa zaidi, maana hii ni yangu mwenyewe. Pantoni ilikuwa inapakia kwenda Bweni. Baiskeli, kina mama na ndoo zao, gari moja la kreti za soda. Akaniambia:

"Tuvuke. Twende mpaka Ushongo ukaone Maziwe."

Maziwe ananiahidi tangu Nasra hajaota meno. Marehemu baba mkwe alikuwa akikihadithia kile kisiwa, jinsi kilivyokuwa na mivinje na wavuvi wakipumzika kivulini. Sasa ni fungu la mchanga tupu, maji yakijaa linazama lote, na kasa wakitaga mayai inabidi yahamishiwe bara yasizame. Nilikuwa nakitamani hata hivyo kilivyo, hata kukiona kwa mbali tu kutoka pwani ya Ushongo.

Nikasema, "Vitunguu vya Bibi."

"Vitunguu havikosi popote."

"Nimechoka."

Sikuwa nimechoka. Akanitazama kidogo, akasema haya, na mlango wa pantoni ukafungwa mbele yetu. Tukaenda soko la Pangani tukanunua vitunguu na nazi, akaninunulia halua bila kuniuliza, akaipanga vizuri juu ya vitunguu isipondeke. Nilisema ahsante kwa sauti ya dukani.

Njiani tukirudi sikumshika kiuno, nilishika chuma cha nyuma. Kuna mahali tulitoka kwenye barabara tukaingia kwenye mchepuko, mchanga mtupu, na pikipiki ikaanza kutikisa mkia. Nikakaza mgongo, nikakaza magoti, nikajivuta upande wangu. Tukayumba mara mbili. Akasimamisha.

"Mama Nasra, umejikaza. Kuna nini?"

"Hamna."

"Ukijikaza inanielemea. Nifuate tu."

Tukaendelea. Sikusema kitu mpaka nyumbani. Usiku huo sikulikumbuka lolote zaidi ya kijiwe. Ni Jumatano, dakika arobaini za mwisho za hisabati, nimesimama dirishani, ndipo lile "nifuate tu" liliponirudia. Na halikuja peke yake.

Mwaka 2006, wiki ya tatu baada ya harusi, alinipeleka kumsalimia shangazi yake Choba. Pikipiki ya kuazima, barabara ya changarawe, masika, matope mpaka kwenye pindo la baibui langu jipya. Nilikuwa sijapata kupanda pikipiki safari ndefu namna ile. Kila penye utelezi nilijikaza, kila nilipojikaza tuliyumba, na mara moja tukaanguka kabisa, taratibu, kama watu wanaolala. Akaniinua, akanipangusa, akanifundisha pale pale kando ya mkonge. Pikipiki ikilala kushoto na wewe lala kushoto. Usitazame gurudumu, tazama bega langu. Usipigane nami. Tulipofika kwa shangazi, matope mpaka nyusi, shangazi akauliza hali ya safari, naye akasema, na sasa naisikia sauti yenyewe: "Nimepata abiria, shangazi. Huyu abiria kweli."

Likawa jina langu. Nililisahauje? Wenzake wa bandarini walikuwa wakija nyumbani wanabisha hodi, wanauliza, "Abiria hajambo?" Akichelewa kazini alimtuma kijana aje kunieleza, na ujumbe ulikuwa, "Umwambie abiria asinisubiri kula." Mwaka mzima hivyo. Kisha mwaka 2007 akazaliwa Nasra, na tangu siku ya arobaini mimi ni Mama Nasra kwa mtaa, kwa wakwe, kwa mama yangu mzazi, na kwake pia. Jina nalipenda, nimelipata kwa uchungu. Lakini lile la kwanza lilikuwa letu wawili, na lilikwenda bila hata mmoja wetu kuliaga.

Nimesimama pale dirishani na koo limenibana, mtoto mmoja amenyoosha mkono anataka karatasi na mimi simwoni.

Basi alikuwa ananiita? Pale kijiweni, mbele ya wale wazee, alikuwa ananiita mimi kwa jina langu, nami nikachukia, nikamnyima pantoni? Au ulikuwa utani wa mwanamume yeyote mwenye pikipiki, na neno limegonga jingine kwa bahati? Nimemtazama wiki nzima. Jana akinawa mikono nusura nimuulize. Nikasita, kwa sababu akijibu "utani tu ule", nitakuwa nimelipoteza lile jina mara ya pili, na safari hii nitajua siku na saa. Na akijibu ndiyo, itabidi nimweleze kwa nini nilikataa kuvuka.

Uso wake akisema "haya" pale kivukoni. Huo ndio ninaouona sasa. Wazee hawacheki tena.

Halua imebaki kipande kimoja, nimemfichia Nasra atakapokuja likizo. Helmeti sijairudisha. Nimeipangusa ndani kwa sabuni, nimeianika, imo chini ya kitanda upande wangu, na kijana ameshaniulizia mara moja nikamwambia kesho.

Kuna kitu kingine. Vile vitunguu vya Pangani Bibi alivipokea mwenyewe Jumamosi jioni, akavisifu, akavimwaga kwenye ungo. Jumapili akaniuliza kama nimekumbuka vitunguu. Nikamwonyesha. Jumanne, siku tuliyotoka kumzika Mzee wa duka la pembeni, akaniuliza tena, nikadhani ni majonzi. Leo asubuhi alikuwa amekaa na ungo mapajani, anavimenya, machozi yanamtoka kwa ukali wake, akaniuliza taratibu ni lini nitakwenda sokoni, maana vitunguu vimekwisha. Kisha akamwita Idi kwa jina la baba yake. Idi aliitika. Bado sijamwambia Baba Nasra.