Siku moja ya kumvizia mbuzi wa milimani kwa upinde, Kodiak

Saa 12:00 alfajiri. Mapema Septemba katika kisiwa cha Kodiak, Alaska, jua huchomoza baada ya saa moja, kwa hiyo uji hunywewa gizani na pinde hukaguliwa kwa tochi: kamba, skrubu za kilengeo, makali ya vigumba. Kwa mnyama huyu sheria inataka upinde wenye nguvu ya mvuto ya pauni 50 au zaidi. Mgeni asiye mkazi wa Alaska lazima afuatane na kiongozi mwenye leseni au ndugu wa karibu aliye mkazi, urafiki hautoshi.

Saa 1:30. Darubini. Weupe wake humfichua mbali, kazi ni kujua jinsia, maana jike naye ana pembe nyeusi. Za beberu ni nene shinani na hupinda taratibu tangu chini. Za jike ni nyembamba, hunyooka kisha hukunjika karibu na ncha. Ukiwa na shaka, ngoja akojoe: jike huchuchumaa, beberu hujinyoosha. Jike tunamwacha, kwa sababu huchelewa kuanza kuzaa.

Saa 3:00. Mbuzi huyu huchunga zaidi hatari itokayo chini, basi tunapanda kwa nyuma ya mlima ili tumtokee juu. Hapo wengi huharakisha na kuharibu: asubuhi hewa baridi bado inateremka, inampelekea harufu yako. Pulizia poda kidogo uone inakoelekea. Jua likishapasha mteremko, hewa hugeuka ikapanda. Mawingu yakilifunika, upepo huzungukazunguka, na hapo ni kukaa tu. Mmoja hubaki ng'ambo na darubini, anaelekeza kwa mikono. Redio za kuelekezana kwa mnyama haziruhusiwi.

Saa 7:00 mchana. Kipima umbali kinasema mita 40, lakini mteremko ni nyuzi 40, hivyo lenga kwa umbali wa mlalo, kama mita 31. Atakayelenga 40 mshale utapita juu ya mgongo. Pinda kiunoni, usishushe mkono tu.

Kabla ya kuachia, tazama atakapoangukia. Hata aliyetobolewa mapafu yote mawili anaweza kukimbilia ukingo wa genge akaporomoka: pembe zinavunjika, nyama inapondeka, au inabaki pasipofikika. Akiwa amelala ukingoni, subiri asimame, asogee kwenye majani. Huweza kuchukua saa mbili. Asiposogea, mshale unarudi podoni, na kwangu hilo si hasara.

Saa 10:00. Mshale umepata, tunasubiri nusu saa ndipo tufuate damu. Mmoja anachuna na kutenga minofu na mifupa, mwenzake anaangalia dubu wasije, maana kisiwa hiki kimejaa dubu. Mizigo ni mizito, hushukwa kwa fimbo mbili na kwa njia ileile ya kupandia. Njia ya mkato kwenye vichaka vya alda, miti mifupi iliyosongamana, hula saa nzima.

Saa 2:00 usiku. Nyama inawekwa mita 100 au zaidi kutoka hemani, mahali peupe panapoonekana kwa darubini, ili asubuhi ujue kama dubu ameikalia kabla hujaisogelea.