Tulivyovuka Jangwa la Simpson kwa Tairi Zilizolegea

Kabla hatujaondoka mji wa Adelaide kwenda Jangwa la Simpson, kila mtu alikuwa mtaalamu wa jangwa. Mmoja alisema nijaze tairi upepo hadi mwisho kwa sababu gari limebeba mzigo. Mwingine akasisitiza kwamba mchanga unataka kasi: ukiliona tuta, kanyaga mafuta, usiachie. Wa tatu alitaka tukodi trela la kubebea maji na vyakula. Naandika haya kwa sababu ushauri huo unazidi kuzunguka kati yetu Waswahili tunaoishi Australia, na kuna familia zinaondoka na watoto zikiuamini. Jangwa lile linavukika, tena kwa gari la kawaida la fo-wili lililo zima, lakini si kwa njia hizo.

Hifadhi ya jangwa hilo, Munga-Thirri–Simpson Desert, ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini humo, hekta milioni 3.6, na ilitangazwa kwa hadhi hiyo mwaka 2021. Ndani hakuna duka, hakuna mafuta, hakuna bomba, na simu ya kawaida haishiki. Kuna matuta ya mchanga mwekundu zaidi ya 1,100 yaliyojipanga sambamba, na anayetoka magharibi kwenda mashariki anayakata moja baada ya jingine. Kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 wanaifunga kwa sababu ya joto. Sisi tulikwenda Julai. Mchana ulikuwa wa fulana, na usiku baridi ilitufanya tulale na makoti.

Tulikuwa magari mawili: Prado yangu ya dizeli na gari la shemeji. Mafuta ya mwisho ni Mount Dare, upande wa magharibi, kisha kama kilomita 500 hadi Birdsville, mji mdogo upande wa mashariki. Bei ya pale itakushtua, lakini jaza tu. Usipige hesabu kwa ulaji wa lami, maana mchangani gari langu lilikunywa karibu mara moja na nusu. Kibali kilitugharimu dola mia na kitu, sikumbuki vizuri. Simu ya setilaiti tulikodi, na hela ile sijaijutia hata kidogo. Bendera kwenye mlingoti mbele ya gari ni lazima, ncha yake ifike mita 3.5 kutoka ardhini, ili anayepanda upande wa pili wa tuta akuone kabla hamjakutana uso kwa uso pale juu.

Usiku wa kwanza tulilala Dalhousie Springs, ndani ya hifadhi ya Witjira. Usipite pale bila kuoga. Maji yanatoka chini ya ardhi yakiwa ya moto, na kwenye bwawa kubwa yana nyuzi kama 34 hadi 38. Unakaa humo baridi ikiuma masikio, na visamaki vidogo vinakudonoa vidole vya miguu. Mke wangu aligoma kutoka hadi giza likaingia.

Kesho yake tukaingia French Line, njia iliyochongwa miaka ya 1960 wakati wa utafutaji wa mafuta. Inakata matuta kwa mstari ulionyooka, na hapo ndipo ushauri wa Adelaide ulipopimwa. Shemeji alikuwa amewasikiliza wale wa kasi. Tairi zake zilikuwa na upepo wa psi 36, ngumu kama za lami. Matuta ya mwanzo ni mafupi, akayapita kwa kurukaruka. Kisha likaja moja lenye mashimo mashimo mlimani, yaliyochimbwa na magari ya watu wa kasi waliotangulia. Akalikimbilia. Gari likaruka shimo la kwanza, likaruka la pili, kwenye la tatu tairi za mbele zikaning'inia hewani, na liliposhuka mwendo wote ukawa umekwisha. Akakanyaga mafuta. Mchanga ukaruka nyuma, na gari likajichimbia hadi ekseli zikalala chini. Ndani, vyombo vyote vilikuwa vimemwagika, mayai yakiwemo.

Tulichimba kwa sepetu kwa muda mrefu. Kisha nikamwambia, "Shemeji, sasa tutoe upepo." Akajibu, "Tairi zitatoka kwenye rimu, kaka." Nikamwambia zitatoka ukikata kona kwa kasi, na hapa hatukati kona wala hatukimbii.

Njia yangu ya kutoa upepo naipenda sana, kwa hiyo nisikilize. Tairi la kwanza nalipima kwa geji: nachomoa kile kipini cha ndani ya vali, nahesabu moja, mbili, tatu polepole, narudisha, napima. Nikishajua ni hesabu ngapi zinaishusha 36 hadi 18, tairi zinazobaki nahesabu tu, mwisho nahakikisha kwa geji mara moja. Kazi ya nusu saa inakwisha haraka, na kipini nakishika kwa vidole viwili muda wote, kwa sababu kikidondoka kwenye mchanga ule hukioni tena. Ukishusha hadi 18, tairi linatanuka na kukanyaga mchanga kama unyayo wa ngamia. Shemeji alirudi nyuma juu ya alama zake mwenyewe, bila kupinda usukani, akashika gia ndogo, akapanda lile tuta polepole hadi kileleni. Hakuruka hata shimo moja. Baada ya pale hakuuliza tena habari za rimu.

Toka siku hiyo utaratibu ukawa mmoja. Chini ya kila tuta tunatangaza kwenye redio ya mawasiliano ya gari, chaneli ya 10, kwamba magari mawili yanapanda kuelekea mashariki, tunasikiliza, ndipo la kwanza linaondoka. Gari likishindwa katikati, acha kukanyaga mafuta kabla tairi hazijaanza kuchimba, rudi nyuma moja kwa moja, jaribu tena. Kila jaribio linashindilia mchanga na kukufikisha mbele zaidi. Usiligeuze gari ubavuni mwa tuta hata siku moja, litapinduka. Asubuhi na mapema mchanga ni mgumu zaidi, na tulivuka matuta mengi kabla ya saa nne. Jioni chungulia chini ya gari, utoe nyasi kavu zilizonasa karibu na bomba la moshi. Magari yameungua huko kwa nyasi hizo.

Poeppel Corner, panapokutana majimbo mawili na Northern Territory, tulipumzika karibu na nguzo ya mpaka. Mpimaji Augustus Poeppel aliweka ya kwanza mwaka 1880, baadaye ikagundulika mnyororo wake wa kupimia ulikuwa mrefu kupita kipimo kwa kiasi cha inchi moja hivi, na nguzo ikahamishwa. Mwaka 1936 Ted Colson alilivuka jangwa hili kwa ngamia, pamoja na Peter Ains, Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia. Wangkangurru, kabila mojawapo la wenyeji hao, walikuwa wakiishi humo tangu zamani kwa visima walivyochimba katikati ya matuta, kwa hiyo anayeliita jangwa tupu hajui anachosema.

Tuta la mwisho ni Big Red, kama mita 40 kwenda juu. Shemeji alishuka mwenyewe, akashusha tairi hadi 15 bila kuambiwa, akapanda mbele yangu.

Trela hatukukodi, lakini hatukukosa kuliona. Tulikutana na jamaa wanalivuta moja, magari mawili yamefungwa kamba, wametumia mchana mzima kwenye matuta machache, na mamlaka za hifadhi zinashauri watu wasivute trela humo. Tuliwasaidia kuchimba, tukawaachia maji.

Mkifika Birdsville, kabla ya chai, jazeni upepo. Barabara ya kuelekea kusini ina mawe makali, na tairi iliyolegea yanaichana ubavuni. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha, ila nunueni yenye mpira mrefu ufike tairi za nyuma.