Kutoka Miritini hadi Mount Gelai: safari ya kupima Garratt

Nilipanda Madaraka Express, treni ya Mombasa hadi Nairobi, pale Miritini asubuhi nikiwa na begi moja la vifaa: tepu ya mita 5, rula ya chuma ya milimita 300, kalipa, timazi, chaki, daftari la miraba, na ufito wa mbao wa mita 2 uliopakwa nyeupe na nyeusi kwa kupokezana kila milimita 100. Shabaha ilikuwa garimoshi la mvuke namba 5918, Mount Gelai, la aina iitwayo Garratt, lililoegeshwa kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, na vipimo vinavyohitajika kuunda modeli yake kwa skeli ya 1:87, yaani milimita 1 kwa kila milimita 87 za garimoshi halisi.

Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na reli yake ina upana wa milimita 1,435. Inapita juu ya matuta na madaraja marefu, na kona zake ni pana kiasi kwamba hazihisiki. Ndiyo maana inafaa kuipanda kabla ya kwenda kutazama Garratt. Ukikaa dirishani utaiona mara kwa mara ile reli ya zamani yenye upana wa mita moja ikikizunguka kilima ambacho treni yako imekipasua katikati. Waliojenga kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899 hawakuwa na tingatinga. Penye kilima walizunguka, penye bonde walishuka wakapanda tena. Reli ilifika ziwani, Kisumu ya leo, Desemba 1901, na kona zile zikawa mtihani wa kila mhandisi wa magarimoshi aliyekuja baadaye.

Mtihani wenyewe ni huu. Kutoka pwani hadi Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600, na mahali pengine mwinuko unafika asilimia 1.5, yaani mita moja na nusu kwa kila mita 100 za reli. Ili kuvuta mzigo mkubwa unahitaji magurudumu mengi ya kusukuma. Ukiyapanga yote kwenye fremu moja, garimoshi linakuwa refu na gumu, halipindi kona. Ukipunguza ekseli na kuongeza uzito juu yake, reli inaumia.

Jibu lilitoka kwa Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza aliyeomba hataza yake mwaka 1907. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza mawili ya kwanza mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, kwenye reli ya milimita 610 tu. Garratt lina mitambo miwili kamili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na silinda zake na magurudumu yake. Katikati, juu ya fremu iliyoegemea mitambo hiyo kwa mihimili miwili ya kuzungukia, limening'inia boila pamoja na chumba cha dereva. Kwenye kona mitambo inafuata reli, na boila linavutwa kuelekea ndani. Fikiria uta: reli ndiyo upinde, boila ndilo upote. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila linaweza kuwa nene na tanuri likawa pana na lenye kina, likipata hewa ya kutosha kutoka chini.

Picha hiyo ya uta na upote ndiyo ya kubaki nayo kichwani, kwa sababu modeli nyingi za Garratt huharibikia hapo.

Treni ikapita Voi, ikapita Mtito Andei, ikaingia Syokimau. Hapo unashuka kwenye reli ya milimita 1,435 na kupanda treni ya mjini inayokwenda stesheni kuu ya Nairobi kwenye reli ya mita moja. Mabehewa ya dizeli ya njia hii yalinunuliwa kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako pia reli ni ya mita moja. Kubadilisha treni hapa ni somo zuri la skeli kwa mtu wa modeli. Tazama chini kabla ya kupanda: mwili wa behewa unazidi reli kwa pande zote mbili kuliko ulivyozoea kwenye reli pana. Macho yakishalizoea umbo hilo, hutashawishika kulipunguza unapochora.

Kutoka stesheni kuu, makumbusho ni mwendo mfupi kwa miguu. Yalianzishwa mwaka 1971, na magarimoshi yamesimama nje. Utapita behewa ambamo simba alimnyakua ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900, na watu wengi huishia hapo. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye magarimoshi ya daraja la 59, yaani aina ambayo Mount Gelai ni mojawapo.

Magarimoshi ya daraja hili yalikuwa 34, yaliyotengenezwa na Beyer, Peacock kati ya 1955 na 1956 kwa ajili ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Hakuna garimoshi la mvuke la reli ya mita moja lililowahi kuwa zito au lenye nguvu kuliko haya. Uzito ni tani 252 za Kiingereza, urefu ni kama mita 31.7. Mpangilio wa magurudumu ni 4-8-2+2-8-4, jumla magurudumu 28, na 16 kati yake ndiyo yanayosukuma. Yalichoma mafuta mazito, yakivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi kwenye mwinuko ule wa asilimia 1.5.

Kipimo kinachoshtua ukisimama mbele yake ni cha boila. Kipenyo chake ni futi 7 na inchi 6, yaani milimita 2,286, juu ya reli ya milimita 1,000. Zaidi ya mara mbili! Mchoro haukuandai kwa hilo.

Kazi ya kupima ianze mapema, kabla jua halijawa la utosi, maana saa sita kivuli cha tangi lililo juu ya mtambo kinafunika fremu yote na picha za chini hazitoi kitu. Omba ruhusa ya walinzi kabla ya kupanda popote. Ufito wenye mistari unausimamisha wima, ukigusa upande wa garimoshi, kisha unapiga picha ukiwa umelielekea ubavu barabara, kwa lenzi isiyo pana. Lenzi pana inavimbisha katikati ya picha na kubana ncha, na ukichora kutoka hapo utapata garimoshi lenye tumbo. Garimoshi la mita 31 haliingii kwenye picha moja. Piga kumi au zaidi, kila moja ikiingiliana na iliyotangulia kwa theluthi, ufito ukionekana katika kila picha.

Magurudumu yanadanganya. Daraja la 59 lilitoka kiwandani na magurudumu ya kusukuma ya inchi 54, milimita 1,372. Ukiweka tepu leo unaweza kupata pungufu, kwa sababu ukingo wa chuma huliwa na reli na huchongwa tena karakana. Kwa modeli tumia kipimo cha kiwandani: milimita 15.8 kwa skeli ya 1:87. Dohani nayo ina historia. Baadaye magarimoshi haya yalifungwa dohani ya Giesl, ile nyembamba na ndefu kutoka mbele kwenda nyuma, iliyobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria ili kuvuta moshi kwa mvuke kidogo. Ukiunda garimoshi la 1956 na kulipa dohani hiyo umechanganya miaka.

Jioni, vipimo vikiwa kwenye daftari, hesabu ndiyo ilianza. Kwa 1:87 garimoshi zima ni milimita 365, boila ni milimita 26.3. Mwendo wa pistoni ni inchi 28, kwa hiyo pini ya gurudumu inakaa nusu ya mwendo huo, milimita 4.1 kwa skeli, kutoka kitovuni. Reli ya mita moja ingekuwa milimita 11.5, lakini reli inayouzwa kwa skeli hii ni ya milimita 12. Tofauti hiyo ya nusu milimita haionekani. Kinachoonekana ni mataruma: reli ya milimita 12 iliyokusudiwa skeli ya 1:120 ina upana uleule, ila mataruma yake ni madogo na yamebanana, na Garratt juu yake litaonekana kama limepanda kitanda cha mtoto. Tafuta reli iliyotengenezwa mahsusi kwa reli ya mita moja ya 1:87. Mwenye nafasi ya bustani na skeli ya 1:22.5 anatumia reli ya milimita 45, lakini ajiandae: garimoshi lake litakuwa na urefu wa mita 1.41.

Kabla ya kukata bamba lolote la chuma, kata karatasi ngumu. Vipande vitatu: mtambo wa mbele, mtambo wa nyuma, na boila. Vibane kwa pini mbili pale ilipo mihimili, yaani karibu na ncha za ndani za mitambo, kama ulivyopima. Chora kwenye karatasi kona ya reli yako, kisha sukuma vipande vifuate mstari. Hapo utaona tangi la mbele linatoka nje ya kona kiasi gani, na boila linaingia ndani kiasi gani. Kosa la kawaida ni kuweka mhimili katikati ya mtambo, kwa mazoea ya bogi, yaani kigari cha magurudumu kilicho chini ya behewa. Ukifanya hivyo, nyuma ya tangi itagonga uso wa boila kwenye kona, na fundi ataanza kupanua mwanya hadi garimoshi lionekane limekatika vipande vitatu.

Mota moja ndani ya boila, yenye shafti mbili za viungo vinavyopinda, ni bora kuliko mota mbili zisizolingana kasi, kwa maana moja itaisukuma nyingine na zote kupata joto. Acha shafti iweze kurefuka na kufupika kidogo, la sivyo itang'oka kwenye kona ya kwanza. Chukua umeme kutoka magurudumu ya mitambo yote miwili, na nyaya zipite karibu kabisa na mhimili zikiwa na kitanzi kilicholegea. Waya mgumu unakuwa springi na kuinua gurudumu la mbele kutoka relini. Ongeza uzito wa madini ya risasi kwenye tangi la mbele. Garimoshi halisi pia lilipoteza mshiko kadiri maji ya tangi hilo yalivyopungua safarini.

Ukiweka sauti, mitambo hiyo miwili haijaunganishwa. Midundo yake hukutana, ikaachana, ikakutana tena, na mvuke wote unatoka kwenye dohani moja. Sauti ya mdundo mmoja ulio sawasawa si ya Garratt.

Kipimo cha mwisho nilichochukua ni mwanya kati ya tangi la mbele na boila, kushoto na kulia. Haikulingana. Reli ya maegesho inapinda kidogo, na garimoshi la urefu huo linapinda nayo. Kwa hiyo nilichukua wastani wa pande mbili, kisha nikaenda kupima pia jirani yake, 5930 Mount Shengena, kwa njia ileile, kabla ya kuandika namba kwenye mchoro.